Wosia wa Chini ya Kitanda

12 Juni 2000

Sijafa. Naanza hivyo kwa sababu kuna watu wa mtaa huu walikwisha kunililia. Mmoja wao amekuja leo asubuhi na uso wa matanga, akanikuta nimekaa kitini nakunywa chai, akaonekana kama mtu aliyepunjwa.

Mabomu yamenyamaza tangu juzi. Warwanda na Waganda wamepigania mji wetu siku sita, kwa mambo yao wenyewe, na sisi wa mtaa wa Tshopo tulikuwa katikati. Paa langu lina tundu ambalo mbuzi anapita bila kuinama. Paja langu la kushoto limefungwa kikwembe cha mwanamke.

Niandike ilivyokuwa. Nilikuwa greffier, karani wa mahakama ya hapa Kisangani, mpaka nilipostaafu, na kwetu jambo lisiloandikwa halikutokea. Kifaransa nilikiandikia serikali miaka yote ile. Hiki ni changu mwenyewe, nakiandika kwa Kiswahili tulichofundishwa na Mapadri.

Tarehe saba, mchana, tulikuwa watu wanne chini ya kitanda changu. Mimi. Maurice, aliyekuwa huissier pale mahakamani, mpeleka hati na mfukuza wadeni, ambaye alikuja Jumatatu kucheza karata akashindwa kurudi kwake. Mama Augustine, jirani, ambaye ukuta wake ulikuwa umeanguka. Na mama Kanyere, mfanyabiashara wa Butembo, kule mashariki, anayepanga chumba changu cha mbele, anauza chumvi, sukari na sabuni. Kitanda hicho ni cha mbao nzito, marehemu mke wangu Adèle alikitaka hivyo, Mungu amrehemu.

Kitu kikapiga paa. Sikusikia maumivu, nilisikia tu maji ya moto pajani, nikashika, nikaona damu. Nikasema basi, mguu umekwenda na mimi naufuata. Kanyere alivua kikwembe chake cha juu akanifunga kwa nguvu hata nikamtukana. Carlos, mwanangu mmoja aliyebaki, yuko Banalia na mke wake, na tangu Pasaka hajatuma hata salamu. Huyu mgeni yuko hapa na damu yangu mikononi. Basi nikasema, kwa sauti ya mahakamani, kwamba mimi Lukumani Timothée, mwenye akili timamu, nikiwa katika hatari ya kufa, mbele ya mashahidi wawili, namwachia mama Kanyere lopango langu, yaani kiwanja, pamoja na nyumba iliyomo.

Maurice alisema, "Nimesikia." Mama Augustine alikuwa anasali rozari, akasema "Amina," nami nikahesabu huo ni ushahidi.

Kanyere mwenyewe alisema, "Papa, usitikisike."

13 Juni

Mvua. Kanyere amefunga shitingi yake ya buluu, turubai la plastiki, juu ya kitanda changu, ile aliyokuwa anafunikia magunia ya chumvi. Chumvi yake imelowa.

18 Juni

Watu wananiuliza nitaishi na nini. Pension yangu iko Kinshasa, na Kinshasa iko upande wa pili wa vita. Sisi watu wa mahakama tuliitazama kazi yetu tukajua mapema: serikali haitakulisha uzeeni, jenga lopango. Majaji walijenga, maître, mawakili wetu, walijenga, hata wafagiaji wa tribunal walijenga. Chumba kimoja unalala, kingine unapangisha, na mpangaji ndiye pension yako.

Na mimi na Kanyere tulipatana tangu mwanzo. Nusu ya kodi yake ni sahani yangu ya kila siku. Leo ilikuwa lituma, ndizi za kuponda, na samaki wa Wagenia, wavuvi wetu wa mtoni. Bugali yao ya milimani alijaribu kunipa mwaka juzi, nikamwambia mimi ni mtu wa mto, natoka Yanonge, nitakula ndizi. Tangu siku ile ananipondea ndizi, na anaponda vizuri kuliko watoto wa hapa. Iandikwe pia.

19 Juni

Kanyere amesema tena niende hospitali, eti jeraha linanuka. Hospitali imejaa waliokatika mikono na miguu. Mimi niende na mkwaruzo?

24 Juni

Maurice amekuja na chupa ya lotoko, pombe yetu kali. Tulicheka sana juu ya kitanda kile, na Amina ya mama Augustine. Kisha akanikumbusha jambo ambalo nililijua tangu ujana, ila lilikuwa limelala kichwani: wosia wa mdomo unakufa wenyewe ikipita miezi mitatu na mwenye kuusema bado anapumua.

"Donc, Timothée," akasema, "mpaka tarehe saba ya mwezi wa tisa, wewe iko na faida kama maiti. Kisha pale, hauna faida tena kwa mutu."

Alicheka hata akakohoa. Nami nikacheka. Alipotoka nikaacha kucheka.

Nimekaa kitini mpaka jua limezama nikilipanga lile jambo kama tulivyopanga majalada. Nikifa Agosti, Kanyere ana nyumba. Nikifa Oktoba, Kanyere ana kodi ya kulipa kwa Carlos. Na nani anapika chakula changu?

25 Juni

Pondu leo, majani ya muhogo. Nimekula kidogo. Ilikuwa na uchungu, au pilipili, sijui.

27 Juni

Nimehamisha kiti changu. Sasa nakikalia karibu na mlango wa nyuma, ambapo naona jiko lake. Aliniuliza kama jua linaniumiza kule mbele. Nimesema ndiyo. Anapika mikono wazi, haraka haraka, anaongea na sufuria kwa Kinande chake. Mikono yake naijua sasa kuliko yangu.

Mtaniambia mimi ni mtu mbaya. Niliandika kesi miaka thelathini. Sijawahi kuandika kesi ya mtu aliyeuawa na adui. Ni mke, ni mdogo wake, ni mpangaji. Kikulacho ki nguoni mwako.

30 Juni

Nusu ya sahani nimempa mbwa wa mama Augustine. Mbwa yuko hai. Lakini kuna sumu za polepole.

2 Julai

Leo nimetoka na fimbo yangu, mara ya kwanza, mpaka barabarani. Na nimeona jambo.

Maître Hélène alikuwa kwenye meza ya Kanyere. Huyu Hélène ni mtoto wa marehemu rafiki yangu, nilimfundisha mahali pa kukaa mahakamani siku ya kwanza alipovaa toge, joho la mawakili, na ananiita tonton, yaani mjomba. Hakuwa ananunua kitu. Walikuwa wameinamiana, maître anaongea kwa vidole, hivi na hivi, kama anavyomweleza mteja, na Kanyere anatikisa kichwa. Waliponiona wakainuka. Hélène akanisalimu kwa heshima nyingi mno. Kanyere akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimepangwa.

Mfanyabiashara wa chumvi anatafuta maître wa nini?

3 Julai

Jibu limekuja lenyewe kwa miguu. Hélène amefika hapa kwangu, na mikate miwili, akauliza mguu, akasifu kitanda, halafu akasema polepole: tonton, nataka tuongee juu ya ule wosia wako.

Nikamkata hapo hapo. Nikamwambia sheria ya wosia niliisoma kabla hajazaliwa, na baba yake alikuwa anakuja kuniuliza mimi. Kama ana biashara na mama wa mbele, aimalize kule mbele. Uso ulimshuka. Alisema kama nataka kusikia najua tribunal iko wapi, akaondoka. Mikate nimeiacha mezani siku nzima. Jioni nimeila, ilikuwa ya dukani, imefungwa.

Kwa hiyo Kanyere amekwenda kuuliza. Sasa anaijua tarehe.

9 Julai

Carlos amefika kutoka Banalia, kwa baiskeli, pamoja na mke wake Prudence. Nilifurahi hata nikalia, nasema wazi. Amekonda. Aliniambia njia imejaa vizuizi vya askari na kila kizuizi kinakula kitu.

Furaha ilidumu mpaka kwenye sahani. Maurice alikwisha kumwambia yote njiani, maana Maurice akinyamaza atakufa. Carlos hakupiga kelele. Aliangalia ile lituma ya Kanyere, akaisukuma kando, akasema, "Papa, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wewe ndiye ulinifundisha hiyo."

Ndiyo, mimi ndiye nilimfundisha. Tangu leo Prudence anapika. Kanyere nimemwambia nusu ya kodi alete kwa njia nyingine. Alisema sawa, papa. Kisha akauliza kama nimekwenda hospitali, maana kuna chuma ndani ya mguu ule, alikisikia kwa vidole siku ile akinifunga. Carlos akamjibu kwamba mzee ana mtoto sasa.

15 Julai

Prudence hajui kuponda ndizi.

22 Julai

Jua kali, mto umeshuka, wanasema mitego ya Wagenia imebaki inaning'inia juu ya mawe. Mguu umevimba kidogo. Joto.

23 Julai

Kanyere bado anasalimia kila asubuhi, "Papa, umeamka?" Neno la kawaida. Ila mimi naona ni kama anaulizia kweli.

31 Julai

Carlos anasema tumfukuze Kanyere kabla ya Septemba. Nimesema hapana, tunangoja tarehe ipite, kisha ataondoka mwenyewe akiona hakuna kitu. Kusema kweli sitaki aondoke. Sitaki abaki pia. Nafika mlango wa nyuma nikitafuta harufu ya jiko lake, halafu nakumbuka.

6 Agosti

Homa.

8 Agosti

Homa. Prudence amekwenda kwao Mangobo kuuguza dada yake.

12 Agosti

Leo naandika kirefu. Kichwa ni chepesi.

Jana asubuhi nilikuwa nimelala, jasho limelowesha shuka. Carlos alikuwa ametoka kutafuta dawa. Kanyere akaingia bila kuitwa, na kikombe cha kongobololo, yale majani machungu ya homa ambayo kila nyumba ya hapa inayachemsha. Alisema ninywe. Nilikuwa na kiu, nilikuwa dhaifu, na mikono yake nilikuwa nimeizoea. Nikanywa nusu. Chungu kama inavyopaswa. Mara nikatapika mpaka kwenye miguu yake.

Na Carlos akaingia wakati ule.

Sitaandika yote aliyosema. Sauti yake ilitoka nje, na nje ilikuwa na masikio. Huu ni mtaa uliozika watu mwezi wa sita kwenye bustani na chini ya madirisha, kwa sababu hatukuweza kufika makaburini. Watu hawa wanatafuta wa kumlaumu, na waliowapiga wamepanda ndege wamekwenda. Lopango lilijaa upesi. Nilisikia mtu akisema wageni ndio walituletea vita. Mwingine alikuwa na tofali mkononi, sijui kwa nini, pengine alikuwa anatengeneza ukuta wake.

Wakanibeba na kiti wakaniweka nje. Kanyere alikuwa amesimama katikati, kile kikombe bado mkononi. Hakuwa analia. Mama Augustine akaniinamia, akasema, "Papa Timothée, sema mwenyewe. Huyu mama amekupa nini?"

Nilijua amenipa nini. Kongobololo naijua tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Ningeweza kusema jina lake na watu wangerudi kwao. Lakini miezi ile miwili ilikuwa imenijaa kinywani, na nikasema, "Sijui ametia nini humo."

Niliyasema hayo. Mashahidi ni wengi.

Kanyere akaniangalia, si kwa hasira. Akaangalia kikombe. Akanywa iliyobaki yote, polepole, mpaka majani ya chini akayatafuna. Akageuza kikombe ili waone. Kisha akakaa chini, kwenye mchanga, jua la saa sita juu yake, akasema, "Bon. Tungojee."

Tukangoja.

Sijawahi kuona kikao kama kile, na nimeona vikao. Watu wote wamesimama wanamtazama mwanamke kama atakufa. Yeye anatazama mikono yake. Mtoto mmoja akaleta mpira, akafukuzwa. Jua likasogea. Mwenye tofali akaliweka chini. Akaondoka wa kwanza, akisema ana kazi, kisha wengine wawili, kisha wengi. Hakuna aliyesema samahani. Mama Augustine alibaki mpaka mwisho na rozari yake, akaondoka bila kuniaga.

Kivuli cha nyumba kilipomfikia, Kanyere akasimama, akakung'uta mchanga. Aliita toleka wawili, akafunga magunia yake juu ya baiskeli zao, sabuni, mizani, sufuria. Ufunguo wa chumba cha mbele aliuweka mapajani mwangu. Shitingi hakuichukua. Nilitaka kumwambia ameisahau, lakini yeye si mtu wa kusahau mali.

Nimelala chini ya shitingi hiyo jana, na naandika chini yake sasa.

14 Agosti

Hospitali. Wamepasua paja wametoa chuma kama jino la mbwa. Daktari alikasirika, aliuliza nilikuwa nangoja nini miezi miwili. Homa ilikuwa ya jeraha. Nilitapika kwa sababu ya homa.

Carlos alikuwa pale, akasikia. Tukarudi kwa toleka.

16 Agosti

Lakini niulize, kwa haki tu: mtu anayejua sumu si anajua pia dawa yake? Alikunywa mbele yetu, ndiyo. Alikunywa nini kabla?

Maurice ananiambia nimekuwa mwehu. Yeye ndiye alianza.

20 Agosti

Carlos amerudi Banalia, mpunga haumngojei mtu. Chumba cha mbele amempangisha mwuza bia mmoja, na redio yake. Nimejipikia ndizi. Nimeziunguza.

26 Agosti

Mvua kubwa. Shitingi imeshika.

1 Septemba

Nimemwona Kanyere kwa mbali, soko la kati, amepata meza karibu na wauza mafuta ya mawese. Nilijificha nyuma ya mwanamke mnene. Mzee wa miaka sitini na nane anajificha.

7 Septemba

Leo. Wosia umekufa, mimi niko hai.

Nilifikiri nitafurahi. Nilinyoa ndevu, nikavaa shati la kazini. Maurice hakuja. Mwuza bia alipiga redio kutwa. Nilikaa mlango wa nyuma, na kule jikoni hakuna mtu.

8 Septemba

Nimekwenda tribunal. Nilitaka kumwambia Hélène kwamba mpango wao umeisha, nilipanga na maneno. Mahakama yenyewe ilinivunja moyo. Madirisha hayana vioo, dawati langu limewekewa mbao kwenye mguu, majalada yamelowa yametandazwa sakafuni yakauke. Hélène alikuwa ameinama akiyageuza moja moja. Alinipa kiti, akabaki kusimama.

Nikayasema yangu. Kwamba miezi mitatu imetimia, nyumba imerudi kwangu, na mteja wake asahau.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa ile sauti ya baba yake, "Tonton, haikurudi. Haikutoka. Kwa mudomo mutu anaweza kupanga matanga yake, anaweza kuacha vitu vidogo. Nyumba haipiti mudomoni. Na ukiandika, bado Carlos ana fungu lake ambalo hauwezi kuligusa. Kifungu hicho wewe ndiye ulinisomea, pale, kwenye dawati lile."

Ni kweli. Nilimsomea. Nilikuwa naisoma sehemu ile kila mara vijana walipokuja, kwa majivuno, kwa sababu hata mawakili waliisahau. Na chini ya kitanda damu ikitoka, nikaisahau mimi. Na baadaye nilikumbuka ile ya miezi mitatu tu, kwa kuwa ilinipa mtu wa kumwogopa.

Nikamwuliza siku ile mezani kwa Kanyere walikuwa wanaongea nini.

Akasema hicho hicho. Kanyere alimwita kumwuliza kama maneno ya mzee yana nguvu, naye akamweleza hayana, asitegemee kitu. Kanyere akajibu vizuri, yeye hakutegemea. Ila alimwomba asiniambie. Alisema, "Mzee alitoa kwa moyo. Usimwambie mutu zawadi yake haiko kitu." Hélène hakumsikiliza, sheria ni sheria, akaja kwangu kesho yake na mikate. Nami nikamfukuza.

Kwa hiyo tangu mwanzo wa Julai Kanyere alijua kifo changu hakimpi hata bati moja. Ile "Papa, umeamka?" ya kila asubuhi. Ile kongobololo.

Hélène aliniuliza kama nataka maji. Nilisema hapana. Nimerudi kwa miguu, toleka walinipigia kengele njia nzima nikawakataa. Nina aibu. Naandika neno hilo na sitafuti lingine.

9 Septemba

Nimeandika wosia wa kweli. Kwa mkono wangu wote, tarehe, sahihi, kama sheria inavyotaka. Carlos ana lake, siligusi. Katika lile ninaloruhusiwa kutoa, nimemwachia Kanyere chumba cha mbele na jiko la nyuma, maisha yake yote. Nimesoma mara tatu kutafuta kosa. Hakuna.

10 Septemba

Nimetoka misa nikaenda soko la kati moja kwa moja. Jumapili yeye anauza baada ya misa ya kwanza. Nilikuwa nimevaa koti. Karatasi ilikuwa mfukoni wa ndani.

Alikuwa anakula, sahani juu ya gunia. Aliniona, akameza, akasema, "Papa, karibu." Akanipa kopo la kukalia. Mguu? Umepona. Chuma walitoa? Walitoa. Ah, bon.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri, yakatawanyika, nikasema tu kwamba nilijua ni kongobololo na sikusema. Yeye akamwuzia mtu chumvi kipimo kimoja, akarudi, akasema alijua nilijua. Aliiona machoni. Akasema hilo limepita, watu wa vita hawana akili, hata wao kule Butembo wameona.

Nikatoa karatasi. Nikaanza kumsomea. Hakuniacha nifike jina lake.

"Hapana, papa. Usiniandike."

Nikamweleza kwamba hii si ya mdomo, hii ni ya mkono, ina nguvu, Hélène mwenyewe ataithibitisha. Akaweka kiganja chake juu ya karatasi, taratibu, akaisukuma kwangu.

"Ukiniandika, utaanza tena kuniangalia mikono."

Nikakunja karatasi. Nikamwambia basi arudi tu, chumba cha mbele nitamtoa mwuza bia, tuendelee kama zamani, sahani na kodi. Akasema meza hii ni nzuri, watu wengi wanapita. Akasema nikitaka chumvi nije, nikipita hapa nisipite bila kusalimu.

Nilisimama niende. Sijui uso wangu ulikuwaje, maana aliniangalia, akasema naonekana sijala. Ilikuwa lituma, lituma yangu, pamoja na pondu. Alivuta sahani nyingine, akapakua nusu. Nikanyosha mkono.

Akanizuia kwa kidole. Alimega tonge kutoka kwenye sahani yangu, akachovya pondu, akala yeye kwanza. Alitafuna nikiona. Akameza. Akangoja kidogo, mikono juu ya gunia, wazi, ili niione.

Kisha akanisogezea sahani, akasema, "Sasa kula, papa."

Nimekula yote.